Msichana Asiye na Mdomo

Mjukuu wangu ana hadithi moja anaisoma kwenye simu, ya picha tupu, ya Kijapani, ati mfululizo, wala haiishi. Wanafunzi wenye macho makubwa kama visahani. Msichana anampenda mvulana, mvulana anampenda msichana, lakini kila mmoja anajifanya mtu mwingine, na ndani ya vichwa vyao mna maneno ambayo midomo haiyasemi. Juzi alikaa miguuni pangu akaanza kunifunza. "Nyanya, hizi hazisomwi kama vitabu vya shule. Unaanzia kulia, unakwenda kushoto."

Nikamwangalia. Nikamwambia, "We mtoto, we! Nyanya yako alichora hadithi kama hiyo, kulia kwenda kushoto, kabla mamako hajazaliwa."

Alicheka mpaka simu ikamponyoka. Hakuamini. Kisha akaniuliza kama wale wawili wa hadithi yangu walioana. Nikamwambia asubiri, nitaiandika. Naandika kwa ajili yake, lakini si yeye peke yake. Nimechoka na watu wa kunieleza mimi ni nani. Wengine walinieleza kwa upole na wengine kwa ukali, na wote niliwasikiliza kupita kiasi.

Nilizaliwa Chovae, kisiwa chetu Wabajuni huko kusini mwa Somalia, nyumba ya wavuvi wa kasa. Nilipomaliza darasa za kisiwani baba alinipeleka Kismayu kwa halati yangu, dadake mama, nikasome sekondari. Halati alikuwa ameolewa na Msomali mwenye duka la vitambaa, mtu mpole, wa ukoo mkubwa pale mjini. Sina neno baya la kumsema. Alinilisha, alinivisha, na siku ya kuandikishwa shule alinishika mkono akanipeleka mwenyewe.

Wakati ule ukabila ulikuwa umepigwa marufuku. Serikali ilisema sote ni ndugu, na kumuuliza mtu kabila lake ni kosa. Basi watu hawakuuliza. Waliuliza jina lako, la baba yako na la babu yako, wakahesabu kichwani, wakajua. Na aliyekuwa bado hajajua aliuliza "zamani" ulikuwa nani. Lo, watu bwana!

Karani aliuliza jina langu, nikalitaja. Akauliza la baba. Kabla sijafungua kinywa, mume wa halati akataja jina lake yeye, kisha la babake yeye. Karani akaandika. Nilimtazama yule mzee, naye akanigusa bega taratibu, tukatoka.

Nyumbani halati alinieleza kwa Kibajuni chetu, huku anachagua mchele. "Ni jina la shule tu, mwanangu. Mchu akikuonea hapa mjini, atakuja nani kukusimamia? Baba yako na hori yake ya kuvulia?"

"Baba anajua?"

"Anajua."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu," akajibu, akaendelea na mchele wake.

Hapo ndipo masomo yangu ya kweli yalipoanza. Kwa Wasomali wenyewe, mtoto mdogo tu huwataja mababu zake mmoja baada ya mwingine bila kukwama, kama sisi tunavyosoma Fatiha. Mtu akitaka kukujua anakuambia uhesabu, nawe unahesabu. Halati alikuwa amewahifadhi mababu wa mumewe ili awafunze wanawe, na sasa akanifunza mimi. Walikuwa kumi na mmoja. Kila alasiri nilisimama jikoni nikawataja, na nikimtanguliza wa saba mbele ya wa sita, naanza upya. Kila asubuhi nilisugua mikono kwa ndimu ili nisinuke samaki, kwa maana mle shuleni kumwita mtu "mla samaki" lilikuwa tusi la kupigania. Samaki tulikula mimi na halati, jikoni, mlango tumeufunga. Mumewe alikula nyama ya mbuzi na tambi zake ukumbini, akajifanya haisikii harufu.

Nilipita. Hakuna aliyenishuku. Kisomali nilikijua tangu utotoni, na wale mababu kumi na mmoja niliwamimina hata aliyeniuliza akajuta kuniuliza. Mwanzo niliona aibu. Baadaye nikaona raha, na ile raha ndiyo inayonichoma mpaka leo. Kuna siku nilipita sokoni nikamwona mama mmoja wa kwetu Chovae, na kikapu chake cha papa mkavu kichwani, nami nilikuwa na wenzangu wa darasani. Aliniita. Nilivuka barabara.

Kuchora nilianza dukani. Vitambaa vilifungiwa karatasi za magazeti ya kigeni yaliyokuja na meli, na mengine yalikuwa hadithi za picha, wanawake wanalia, wanaume wanavuta sigara, na juu ya vichwa vyao viduara vyenye maneno ya Kitaliano ambayo sikuyajua hata moja. Nilikuwa nikiyatazama mpaka halati ananipigia kelele. Kisha katika somo la historia, siku ya joto, nikageuza daftari langu, nikaanza kuchora yangu nyuma. Nilianzia ukurasa wa mwisho, kulia kwenda kushoto, kwa sababu kitabu cha kwanza nilichotiwa mkononi maishani kilikuwa juzuu ya Kurani, chuoni, na mkono wangu ulijua kwamba kitabu kinaanzia hapo. Mbele historia, nyuma hadithi. Mwalimu akikaribia, nageuza.

Nilimchora msichana wa shule. Mwili ulitoka vizuri, macho yakatoka vizuri sana, mdomo ukakataa. Nilijaribu mara tatu, na kila mara alionekana kama anayeteta na jirani. Nikaufuta, nikamwacha hivyo, uso mtupu chini ya pua. Jirani yangu wa deski, msichana mnene mwenye kicheko cha kuudhi walimu, akachungulia.

"Mbona huyu hana mdomo?"

"Ameazimwa," nikamwambia. Sijui neno hilo lilinitoka wapi.

Alicheka, akamwita mwenzake aone, na siku ile ile daftari likazunguka darasa zima chini ya madeski. Kesho yake wakataka ukurasa mwingine. Nikachora. Msichana asiye na mdomo anakwenda shule, ana nyumba mbili, katika nyumba moja hana kivuli na katika nyingine ana vivuli viwili. Viduara vya maneno nilivichora juu ya vichwa lakini niliviacha vitupu. Mtu hana mdomo, atasema nini?

Siku moja daftari lilirudi na kimoja kimeandikwa. Ndani ya kiduara, kwa Kisomali, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima: "Siogopi. Nimechoka tu."

Niliyasoma yale maneno nikahisi baridi, na Kismayu ile haina baridi. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia hivyo. Niligeuka nyuma. Madeski mawili nyuma yangu kulikuwa na mvulana mwembamba, jino lake la mbele limemeguka pembeni, anatazama dari kwa bidii.

Alikuwa wa watu wa bara, wafanyabiashara wa mifugo. Bahari aliiogopa waziwazi. Darasa lilipopelekwa ufukweni yeye alibaki akilinda viatu vya wenzake. Lakini kalamu yake ilikuwa haina woga. Tokea siku ile mimi nilichora na yeye aliandika. Nikamwingiza mvulana mwenye jino lililomeguka katika hadithi, naye akampa maneno, na akampa msichana maneno ya kumjibu mvulana. Mwaka mzima tulizungumza hivyo. Ana kwa ana tulikuwa tunasema "shika" na "asante", basi, tuna haya mpaka inachekesha. Darasa zima lilikuwa linajua. Wasichana walibishana wakati wa mapumziko kama yule msichana atapata mdomo au hatapata, na kama akipata atamkubali au atamkataa.

Nami nilikuwa naharibika, nami sioni. Aliandika kwamba msichana anapenda chai kavu, nikaacha maziwa. Aliandika kwamba msichana hacheki ovyo, nikaacha kucheka. Kila alichokitia katika kile kiduara nilikwenda kukiishi. Yule msichana alikuwa wangu, nimemchora kwa mkono wangu, lakini aliyekuwa akisema ndani yake ni mtu mwingine, na mimi nikaona ni mapenzi. Mjinga mkubwa! Lakini nisijisingizie. Nilimpenda. Nilimpenda hata nikisikia kikohozi chake nyuma yangu sielewi mwalimu anasema nini.

Likizo ya Idi mwaka wa mwisho nilikwenda nyumbani Chovae, nikatoka na baba baharini. Niliporudi nikachora sehemu mpya, na hapo nikafanya kosa langu.

Nilimchora msichana ndani ya hori, mtumbwi wetu mdogo. Kuna kitu anakitaka na kila siku kinamkimbia. Anaosha mikono, anamtoa samaki ndani ya maji ya hori, samaki mwenye kichwa bapa cha kunatia. Mkiani amefungwa kamba nyembamba. Anamtia baharini. Samaki anakwenda, anakwenda, anajibandika mgongoni mwa kasa, na msichana anavuta polepole, kwa sababu ukivuta kwa pupa yule samaki anaachia. Samaki huyo sisi tunamwita taza. Baba alikuwa akimfuga, anamsemesha, hamtukani wala haruhusu mtu kugombana mbele yake. Kwangu lilikuwa jambo la kila siku, nimelichora kama mtu mwingine anavyochora mama anawasha jiko. Wala haikunipitia akilini kwamba duniani kuna watu hawajui kasa anavuliwa kwa samaki.

Darasa liliingia wazimu. "Samaki anayevua! Akili gani hii!" Walisifu ubunifu wangu mpaka kichwa kikavimba. Nami nikazipokea sifa zote.

Yeye hakuandika kitu. Alilichukua daftari akaenda nalo bandarini, mbuzi wa mjomba wake walikuwa wakipakiwa melini, akamwonyesha mpagazi mmoja mzee, akamuuliza kama kuna samaki wa namna hii. Mzee akaitazama picha, akamwambia, "Aliyechora hii ni wa visiwani, na ni wa nyumba ya wavuvi wa kasa. Angalia fundo lilivyokaa mkiani. Hili mtu hufunzwa na babake."

Haya alinihadithia mwenyewe, kesho yake, nyuma ya tangi la maji la shule. Mara yetu ya kwanza kusimama peke yetu.

"Abaayo," aliniambia, na hivyo ndivyo Wasomali wanavyomwita dada kwa mapenzi, "najua wewe si binti wa yule mzee wa duka."

Nilingoja azibe pua, nilingoja acheke. Akatabasamu na jino lake lile.

"Mimi sijali," akasema.

Ya Rabbi, furaha niliyoipata! Nililia na kucheka pamoja. Miaka minne ya ndimu na mababu wa watu, na huyu anasema hajali. Nilitaka nimwambie kila kitu pale pale, jina la baba, jina la taza wa baba, mama wa sokoni niliyemvukia barabara. Lakini yeye alikuwa bado hajamaliza.

"Wala hakuna haja mtu mwingine ajue," akaendelea. "Tukimaliza shule wazee wangu watakwenda kwa mzee wa duka kukuposa. Watataja mababu, kila kitu kitakaa sawa. Mwaka mmoja, miwili, hata wewe mwenyewe utasahau."

Alisema kwa sauti nzuri kabisa, kama mtu anayekutunuku kitu. Kengele ikalia. Nikarudi darasani.

Halati nilipomwambia alipiga kigelegele cha chini kwa chini, majirani wasisikie. Familia ile! Mvulana anajua siri na bado anakutaka! "Shukuru Mungu, mwanangu."

"Nishukuru nini, halati? Nitaolewa mimi au ataolewa binti wa mumeo? Baba yangu atakuwa wapi siku hiyo, jikoni na samaki?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

Akaniketisha. Akanishika mikono yote miwili, na nikaona macho yake yamejaa maji. "Unadhani mimi nilipenda? Mimi nilikuja mji huu nina umri wako, nikasukumwa kisimani, nikaambiwa nirudi kwetu baharini. Leo wanangu hakuna anayewasukuma. Wana watu nyuma yao. Wewe una nani? Mapenzi unayo, mume unaletewa, na unachotakiwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza ni kazi gani?"

Hilo ndilo lililonikata. Halati hakuwa mbaya, alikuwa anasema alichokiona kwa macho yake, na alinipenda kama mtoto wa tumbo lake. Nikamwacha pale. Nilikwenda chumbani nikatoa daftari, zikiwa zimebaki kurasa mbili tu kabla hadithi haijakutana na somo la historia katikati. Ilikuwa wiki ya mwisho ya shule.

Nilimchora msichana uso mzima, ukurasa wote. Nikachora mdomo. Safari hii sikujali kama anateta au hateti, nikampa mdomo mpana, uko wazi, na meno yote. Nikachora kiduara kikubwa, na kwa mara ya kwanza nikaandika ndani yake mimi mwenyewe. Niliandika kwa Kisomali, tena herufi kubwa, asiwepo wa kusema hakuelewa. "BABA YANGU NI MVUVI WA KASA WA CHOVAE. TAZA NIMEFUNZWA NA YEYE. ANAYENITAKA APANDE MASHUA AENDE AKANIPOSE KWAKE." Ukurasa wa pili nikamchora mvulana mwenye jino lililomeguka, amesimama, na juu ya kichwa chake kiduara kitupu. Hicho nilimwachia yeye.

Asubuhi nikampa jirani yangu wa deski, nikamwambia alizungushe.

Nilikaa wima nikisikiliza kurasa zinavyogeuzwa. Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma kabisa. Kisha mmoja akasema lile neno, mla samaki, na mwingine akafungua dirisha ingawa lilikuwa wazi tayari. Msichana mmoja aliyekuwa akisuka nywele zangu kila Alhamisi alihama deski. Niliogopa, sitadanganya, lakini sikuinamisha kichwa. Jirani yangu mnene hakuhama. Alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Kwa hivyo yule samaki ni wa kweli?"

"Wa kweli," nikamjibu.

"Basi huna ubunifu wowote, mwongo wee," akasema, akacheka kile kicheko chake mpaka mwalimu akamtoa nje.

Daftari lilifika deski la nyuma yangu, la pili, na halikurudi. Yeye hakuja shule siku zilizobaki isipokuwa kufanya mitihani, na alipomaliza aliondoka mbio.

Nilirudi Chovae. Halati alikuwa hasemi nami, ingawa alinifungia nguo zangu vizuri na kunitilia halua juu. Nilimweleza mama, naye akamweleza baba. Baba alisikiliza, kisha akaenda zake baharini.

Baada ya wiki tatu, Ijumaa moja mchana, mashua ya injini inayoleta sukari na mafuta ya taa ilifika, na ndani yake nikamwona. Alikuwa amekunja suruali mpaka mapajani, viatu vyake amevining'iniza shingoni, na uso wake umepauka kwa kutapika. Nyuma yake mjomba wake, mzee mwenye ndevu za hina, ameshikilia ubao wa mashua kwa mikono miwili. Yule aliyekuwa akilinda viatu ufukweni alikuwa anakata maji kuja kwetu! Nikaingia ndani nikajifungia, nikatoka, nikaingia tena. Mama akaniambia nitulie, nimemtia kizunguzungu.

Baba aliwakaribisha vizuri. Kahawa, tende, kisha sinia la wali na samaki wa nazi. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia na tuliona kila kitu. Mjomba alikula wali mtupu wa pembeni. Yeye alimega samaki, akafumba macho, akameza. Akamega tena. Mara tatu. Baba alimtazama, akasema, "Mpeni maji huyu kijana," na nikasikia katika sauti ya baba kwamba amempenda. Mimi pale nilikuwa nimeshakubali, nilikuwa nahesabu nguo gani nitavaa.

Kisha mjomba akafuta ndevu akasema waliyoyajia. Kijana ana nia njema. Wao hawana kinyongo na watu wa visiwani, Waislamu sote. Jambo moja dogo tu. Nikahi ifanyike Kismayu, nyumbani kwa mzee wa duka. Baba atoe uwakala kimyakimya, sheria iwe sawa, lakini mbele za watu bibi harusi atajwe kwa jina lile aliloandikishwa shule, na wakwe watajwe wale wa duka. "Mzee wangu, wewe ni mtu mzima unaelewa. Ni kwa heshima ya vijana wenyewe."

Nilimwangalia baba kupitia pazia. Nilijua atanyamaza, na alinyamaza. Alizungusha kikombe chake cha kahawa mara mbili. Kisha akafanya nisilolitarajia. Akageuka, akaita jina langu, langu na lake pamoja.

"Njoo," akasema. "Mwenye kuulizwa ni wewe."

Nikatoka. Mama alinishika buibui, nikaliponyosha. Sikumtazama mjomba wala baba, nilimtazama yeye, chumvi ya bahari imekauka kwenye ndevu zake changa, na katika macho yake ananiomba kabisa ninyamaze mara hii moja tu.

"Nakuuliza wewe," nikamwambia. "Mtu akikuuliza mkeo binti wa nani, utasema nini?"

Akafungua mdomo. Akamtazama mjomba wake, akanitazama mimi. "Hapa nitasema kweli," akasema. "Lakini kule..."

Akakwama. Nilimngoja. Wallahi nilimngoja, na kama angemaliza sentensi ile vizuri leo ningekuwa naandika habari nyingine. Aliinamisha kichwa akitazama mifupa ya samaki aliyemla.

"Basi mke unayemtaka yuko kule," nikamwambia. "Nenda kamtafute. Mimi niko hapa."

Mjomba akasema astaghfirullah, binti gani huyu. Baba akamwambia kwa upole, "Ni wangu."

Waliondoka alasiri hiyo hiyo, maji yalipojaa. Niliwafuata ufukweni, watu waseme watakavyo. Kabla hajapanda alitoa daftari langu ndani ya shati, alikuwa amelifunga kwa nailoni lisilowe, akanipa kwa mikono miwili. Alikuwa analia wazi. Mimi sikulia mpaka mashua ilipowashwa injini, na hapo nililia kwa siku mbili, na anayesema mtu akijisimamia haumii ni mwongo. Nilifungua ukurasa wa mwisho. Alikuwa amepita baharini na hofu yake, amekula samaki, amelibeba daftari kifuani, na kile kiduara chake amekirudisha kitupu.

Siku ya tatu nilimwendea baba, anatengeneza nyavu nyuma ya nyumba. Nikamuuliza swali nililolibeba miaka minne. "Kwa nini ulinyamaza waliponiandikisha kwa jina la mtu?"

Hakuinua uso. "Nilikuazima tu," akasema. "Usome. Nilidhani watakurudisha."

"Hawarudishi, baba."

"Nimeona."

Nikakaa mchangani mbele yake. Nikamwambia nawajua mababu kumi na mmoja wa mume wa halati, na wa kwetu nawajua watatu tu, anitajie wote. Alicheka, mara ya kwanza tangu wageni waondoke. Alitaja mpaka wa saba, wa nane akakwama, tukaenda pamoja kumuuliza shangazi, naye akatufikisha wa kumi na mbili, akatukaripia wote wawili kwa kukaa tusijue. Niliwahifadhi siku ile ile. Sikuhitaji kusimamishwa jikoni.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa. Vita vilipokuja na visiwa vikatutapika, nilikimbia na watoto wangu na nguo tulizovaa. Cheti changu cha shule, chenye jina la mume wa halati, kilibaki Kismayu na sikukililia. Daftari nalo lilibaki Chovae, na hilo nalililia bado. Kenya, katika ofisi ya wakimbizi, afisa mmoja kijana alinikalisha mbele ya meza akaniambia watu wengi siku hizi wanajisingizia kuwa Wabajuni ili wasaidiwe, kwa hiyo nithibitishe. Nilicheka mpaka akaudhika. Nikaomba kalamu, nikamchorea taza, fundo liko mahali pake. Akaitazama ile picha, akaigeuza juu chini, akauliza ni mdudu gani. Akaiweka pembeni, akavuta fomu.

"Jina la baba?"

Nikalitaja. Akaandika. Akauliza la babu, nikalitaja, nikaendelea na wa tatu, na wa nne, na wa tano. Akainua mkono, akaniambia yatosha mama, fomu ina nafasi tatu tu.

Nikamwambia haijatosha. Geuza karatasi, andika nyuma.